Maji ya Juu

Wiston alipita geti la kituo cha redio bila kuvua kofia ya pikipiki, na Fathiya, aliyekuwa amekaa barazani akisubiri kuitwa studio, akajua kwamba kuna jambo. Wiston alikuwa bwana shamba wa kata ya Bisibo, mtu wa taratibu zake. Siku zote alizima pikipiki, akavua kofia, akajifuta vumbi la usoni kwa leso, ndipo akamsogelea mtu. Leo alikuja moja kwa moja, na hatimaye alipoivua ile kofia, hakumtazama.

"Nilidhani utanisikiliza ukiwa Bisibo," Fathiya alisema. "Umekuja mpaka Ngara kunitia woga?"

"Sikulala Bisibo. Nililala Kabanga, kwa mama."

Alitia mkono mfukoni mwa koti, akautoa umefumbwa, akaufumbua juu ya meza. Maharage yalitawanyika juu ya kitabu kilichokuwa pale. Kilikuwa kitabu cha Fathiya mwenyewe, cha kwanza na cha pekee, chenye picha ya mwanamke aliyepakata chungu, na juu yake maandishi mekundu: Mwanamke Aliyefunga Mvua.

"Haya ni nini?"

"Ni mvua," Wiston alisema. "Ndiyo mvua waliyoikuta."

Fathiya hakuelewa. Alingoja aelezwe.

"Jana jioni vijana waliingia kwa bibi yangu, kule Kabanga. Waliuliza chungu kiko wapi. Kile kinachokaa uvunguni, kimefungwa mdomo kwa jani la mgomba." Sasa alimtazama. "Unakijua. Umekiandika. Ndimo yule mchawi wako anamofungia mvua."

"Wiston."

"Wakakitoa uani, wakakipasua kwa jiwe ili mvua itoke. Yakatoka haya. Mbegu zake za msimu. Ungedhani wangeona aibu. Mmoja akasema bibi ameiona hatari, ameigeuza mvua kuwa maharage."

"Bibi mwenyewe?"

"Yuko hai. Amekaa kitandani anauliza nani atamrudishia mbegu zake."

"Kwa nini hukumtoa?"

"Hataki. Anasema anayekimbia nyumba yake ameshakiri. Na wamesema watarudi leo, lakini kwanza watasikiliza redio. Wanataka kukusikia wewe, Fathiya. Wewe ndiye shahidi wao."

Jua la Novemba lilikuwa limeshaanza kuunguza mabati.

Mvua zilizotarajiwa Septemba hazikuja. Mahindi yaliota kidogo yakanyauka, na maharage yaliyopandwa kwa kubahatisha yaliliwa na mchwa ardhini. Ni katika wiki hizo hizo redio ilipokuwa ikisoma riwaya ya Fathiya kila jioni baada ya taarifa ya habari. Wasikilizaji waliipenda. Ilihusu zama za mwami, mfalme wa kale wa huku, na mwanamke aliyeogopwa kiasi kwamba watu wa nchi hawakuthubutu kulitaja jina lake, wala hata kusema neno mvua, kwa sababu mvua ilikuwa yake. Mwanamke huyo anampenda mlinzi wa ngoma ya mwami, na humo ndimo inamolala hatari yote. Waliokisoma kitabu walisema kinachotisha kuliko vyote ni lile jina lisilotamkwa.

Alilipata wazo hilo Kabanga. Mwaka uliopita Wiston alimpeleka nyumbani kwao, akamtambulisha kuwa rafiki anayechunguza mambo ya kale. Fathiya alizaliwa Biharamulo mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara uliotoka pwani enzi za babu wa babu yake, na Kihangaza alikijua cha kununulia ndizi tu. Alimwona Domisiana, mama yake Wiston, mjane mwenye sauti ya juu anayebishana na wabadilisha fedha wa mpakani mpaka wanamkimbia. Kisha akamwona Domisiana huyo huyo akishusha macho na kumpisha njia mama wa marehemu mume wake. Hakumtaja jina hata mara moja. Alisema "yule mzee", alisema "wa ndani". Na mawingu yalipotanda, hakusema mvua. Alisema, "Anueni nguo, maji ya juu yanashuka."

Fathiya aliona mwanamke jasiri anayeogopa neno moja. Juu ya hofu hiyo alijenga kitabu kizima.

"Nilibadilisha kila kitu," alisema sasa. "Ni miaka mia mbili iliyopita. Kuna mwami, kuna ngoma inayolia yenyewe. Nani atasoma hayo akamfikiria bibi yako?"

"Watu wanaomjua. Chungu kile, jina lile. Wanajua mwandishi ni rafiki yangu. Wanasema mjukuu wake mwenyewe ndiye aliyetoa siri yake."

"Lakini hilo la jina kutotajwa sikulitunga mimi. Nililiona. Mama yako anamwogopa, Wiston. Hata mvua haiiti mvua."

Usoni mwa Wiston, Fathiya aliona kitu kilichomtisha kuliko hasira. Aliona huruma.

"Ulidhani anamwogopa," Wiston alisema polepole.

"Anamwogopa."

"Fathiya, mkwe hamtaji jina mama mkwe. Kwetu ni heshima. Mama aliolewa, akaacha kulitamka, na hatalitamka mpaka afe. Na jina la bibi lina mvua ndani yake kwa Kihangaza, alizaliwa siku ya mvua kubwa. Kwa hiyo mama hasemi hata mvua. Wake wote wa nyumba yetu husema maji ya juu. Shangazi zangu walioolewa kwingine wana maneno yao mengine huko. Jirani yetu mama mkwe wake ana jina la moto, anapika miaka yote kwa 'kile chenye joto'. Watu wanamtania, naye anacheka."

Fathiya alikitazama kitabu chake chini ya maharage.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Alikuwa amechunguza kila kitu. Alikwenda maktaba kusoma habari za wafalme hao, akawauliza wazee jinsi ngoma inavyowambwa na kwa ngozi ya nini. Jambo moja hakumuuliza mtu, kwa sababu lilimpendeza mno lilivyokuwa.

"Mama amesemaje?"

"Amesema msichana aliyemwita mabukwe, mama mkwe wake, mchawi hatakanyaga tena uani kwake." Wiston alianza kuokota maharage moja moja juu ya kitabu. "Nikamwambia ninataka kukuoa. Nilichagua wakati mbaya."

Walikuwa wamekubaliana wasimwambie mtu. Baba yake Fathiya, Mzee Abdulkarimu, alimheshimu Wiston kama mteja mzuri wa duka lake la pembejeo. Mkwe lilikuwa jambo jingine. Alikwishasema, bila kupandisha sauti, kwamba binti yake ataolewa na mtu wa dini yake, au ataolewa bila yeye kuwepo. Asubuhi hii alikuwa ameiweka redio juu ya kaunta na kuwaambia wateja wote kwamba binti yake atazungumza.

"Nisiingie studio?" Fathiya aliuliza.

"Usipoingia watasema bibi amekufunga mdomo."

"Nikisema nimetunga kila kitu?"

"Watasema umetishwa. Walikuta chungu, Fathiya. Kwao uongo umeshathibitika."

"Basi niseme nini?"

"Sijui," Wiston alisema. "Mimi najua mambo ya mbegu. Wewe ndiye wa maneno."

Mlango ulifunguka. Irine, mtangazaji wa kipindi, mwenye miwani mikubwa na kicheko cha karibu, akachungulia. "Dada mwandishi, karibu ndani. Kaka, wewe kaa chumba cha fundi mitambo, utamwona kupitia kioo. Msitazamane sana, atasahau majibu."

Wiston alichukua kofia yake akaelekea chumba cha fundi.

Studio ilikuwa ndogo, kuta zimefunikwa magodoro membamba, na hewa yake haikusogea. Fathiya alivishwa vipokea sauti masikioni akasikia pumzi yake mwenyewe, fupi na nzito. Nyuma ya kioo Wiston alisimama amekumbatia kofia yake.

Irine aliwasalimu wasikilizaji wa Ngara na Biharamulo, akamtambulisha mgeni, akamgeukia.

"Wengi wanaoandika mara ya kwanza huandika maisha yao. Wewe umekwenda kwa mwami na wachawi. Kwa nini?"

"Kwa sababu nilipokuwa mdogo niliambiwa historia ya huku kwa tarehe tu," Fathiya alisema. Sauti yake ilitoka tulivu kuliko alivyotegemea. "Nani alitawala baada ya nani. Nikajiuliza watu hao waliogopa nini. Ukijua mtu anachoogopa, umemfahamu zaidi kuliko ukijua alizaliwa lini."

"Na uchawi umeutoa wapi? Maana huku ukitaja uchawi watu wanafunga milango."

"Nimeutunga. Historia nimeitafuta, uchawi nimeutunga."

"Mapenzi je?"

Fathiya hakutazama kioo. "Mchawi asiyempenda mtu ni kinyago tu. Akipenda, ana kitu cha kupoteza. Hapo ndipo msomaji anaanza kuogopa pamoja naye badala ya kumwogopa yeye."

"Maneno hayo yaandikwe ukutani," Irine alisema. "Sasa simu. Tuna msikilizaji. Karibu, jina na unakotupigia."

"Naitwa Danstan. Niko upande wa Kabanga." Ilikuwa sauti ya kijana, na haikuwa na ghadhabu yoyote. Nyuma yake ilisikika redio nyingine iliyochelewa kidogo, na watu waliokaa pamoja. "Pongezi kwa mwandishi. Swali langu ni fupi. Yule mwanamke wa kwenye kitabu, sisi tunamfahamu. Chungu chake tumekiona. Tunaomba dada atutajie jina lake."

Irine aliinua nyusi, akaona habari. "Ni mtu halisi, Fathiya?"

"Kitabu ni cha kutunga."

"Dada amesema historia ameitafuta," Danstan alisema, kwa adabu ile ile. "Basi kama siye yule tunayemfahamu, ataje jina la mwingine. Akitaja, tunaondoka hapa tulipo. Asipotaja, tumeelewa."

Tunaondoka hapa tulipo. Fathiya alitazama kioo. Wiston alikuwa amesikia. Kofia ilimponyoka. Walikuwa uani kwa bibi. Walikuwa wamekaa uani kwa bibi, na redio, wakimngoja yeye.

Fathiya aliona njia mbili. Angeweza kutunga jina lolote la kale. Lakini kilima chochote kina bibi wa jina lolote, na kesho wangekwenda kwake. Angeweza kukataa kabisa, na kukataa kungekuwa jibu. Akili yake ilirudi kwa Domisiana, kwenye macho yale yaliyoshushwa, ikayasoma upya.

"Kaka Danstan, umeoa?" aliuliza.

"Nimeoa."

"Mkeo anamwitaje mama yako?"

"Anamwita mama. Anamwita mzee."

"Jina lake?"

"Hawezi kulitaja jina lake. Ni mkwe."

"Kwa nini, anamwona mchawi?"

Mtu alicheka huko nyuma ya Danstan, kidogo, kama aliyeshikwa ghafla.

"Mimi nimezaliwa Biharamulo mjini," Fathiya alisema. "Nilikwenda kwenye nyumba moja kama mgeni. Nikamwona mke wa nyumba ile hamtaji jina mama mkwe wake. Nikamsikia anaita mvua maji ya juu. Sikuuliza. Mimi Mswahili wa dukani nikakaa pale nikasema moyoni, hapa kuna uchawi. Nikaenda nikaandika kitabu kizima. Siri ile yote mnayoisikia kila jioni, jina lisilotajwa, nchi nzima inayotetemeka, ni mama mmoja alikuwa anamheshimu mkwe wake. Hakuna kingine. Na chungu nilikiona uvunguni nikaona kinanifaa, wala sikuomba kuonyeshwa kilichomo. Nyinyi mmekipasua mkaona. Niambie mlichokiona."

Alisikia pumzi za watu kwenye simu.

"Maharage," Danstan alisema hatimaye.

Kicheko kilianzia kwa mtu mmoja, mwanamke, kikaenea. Kilikuwa kicheko cha watu wengi wa rika mbalimbali, wengine wa uani, wengine labda wa njiani. Mtu alisema kitu kwa Kihangaza, na Fathiya akashika neno "Mswahili" tu. Walikuwa wanamcheka yeye. Kitabu chake, kazi ya miaka yake, kilikuwa kinageuzwa kichekesho cha wilaya mbili, na angelipa chochote ili kicheko hicho kiendelee.

"Bado hujataja jina," Danstan alisema, lakini sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kutokea.

"Sitalitaja."

"Kwa nini? Wewe si mkwe wa hapa."

Wiston aliweka kiganja juu ya kioo. Biharamulo, juu ya kaunta ya duka, redio ilikuwa wazi.

"Mimi nami sina ruhusa ya kulitaja," Fathiya alisema. "Nataka kuolewa na mjukuu wake."

Kwenye simu kulitokea mparaganyo, kama simu imenyang'anywa, kisha ikaja sauti ambayo Fathiya aliitambua mara moja, kwa sababu haikuhitaji simu kusikika.

"Wewe msichana."

"Shikamoo mama."

Domisiana hakuitikia. "Umesema mbele ya watu wote hawa kwamba ulinidhania mwoga."

"Ndiyo, mama. Nimekosa."

"Umemtia mzee wangu katika hatari. Kitanda chake hajakiacha tangu jana."

"Ndiyo, mama."

"Na mbegu?"

"Nitaleta mbegu. Na chungu."

Kimya kirefu kilipita, na redio haipendi kimya. Irine alisogeza mkono kwenye vitufe, Fathiya akamzuia kwa macho.

"Marahaba," Domisiana alisema, na simu ikakatika.

Nje, jua lilikuwa limepanda. Wiston alikuwa tayari ameshampigia mama yake. Alisimama kando ya pikipiki, simu sikioni, akimpa Fathiya habari kadiri alivyozipata. "Wengine wameinuka. Danstan ameondoka. Kuna watatu hawajaondoka, wamekaa chini ya mgomba wanaangalia mlango." Alikata simu. "Kicheko hakikuwafikia wote."

"Twende tukamchukue."

"Hatakubali."

"Basi twende tukakae naye. Wakitaka kuingia watukute."

Simu ya Fathiya ililia. Kwenye kioo chake palikuwa na neno moja, Baba. Wiston aliliona, akageuka kando kumpa nafasi, ingawa hapakuwa na pa kwenda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee Abdulkarimu alivuta pumzi. Kulikuwa kimya dukani, na duka lile halikuwa na kimya mchana. "Umesema mjukuu. Ni yule bwana shamba?"

"Ndiye, baba."

"Nimemuuzia pampu kwa bei ya chini mara mbili. Sasa nimeelewa kwa nini alikuwa hana haraka ya kutoka dukani." Hakusema kama mtu anayetania. "Wateja wote wamenitazama, Fathiya."

"Nisamehe, baba."

"Hilo sijalifikia bado. Yule bibi, wamemwacha?"

"Wengine. Watatu bado wako."

Fathiya alisikia kalamu ikigongagonga kaunta, kama afanyavyo baba yake bei inapokuwa haijakaa sawa.

"Basi nenda huko kwanza. Usimwache mtu mzima peke yake kwa kosa lako. Yako na yake tutayazungumza ukirudi, na usidhani nitakuwa nimelainika." Akakata.

Wiston alimpa kofia ya ziada. Fathiya aliivaa, akafunga mkanda wake kidevuni. Barabara ya Kabanga ilikuwa mbele yao, nyekundu na kavu, na mwisho wake vijana watatu walikuwa wamekaa chini ya mgomba wakitazama mlango.

"Ukitaka nitakutajia," Wiston alisema. "Mimi ni mjukuu, sikatazwi. Ni jina zuri."

"Usinitajie."

Alipanda nyuma yake. Juu ya vilima vya mpakani kulikuwa na mstari mwembamba wa wingu, wa kijivu, kama ule uliokuwepo juzi na jana ukapita bila kuacha kitu. Fathiya aliutazama kwa muda.

"Unadhani," aliuliza, "maji ya juu yatashuka leo?"

Wiston, aliyekuwa ameshika ufunguo, aligeuza kichwa akamtazama. Kisha akawasha pikipiki.